Kutoka Sanamu ya Askari hadi Kariakoo



Kwetu Wakatoliki Novemba ni mwezi wa marehemu. Huku Kinyerezi ninakohudumu, wiki ya mwisho ya Oktoba katibu wa parokia hugawa bahasha kwa wenyeviti wa jumuiya ndogondogo. Waamini huandika majina ya ndugu zao waliotangulia, na mwezi mzima majina hayo hukaa ndani ya kikapu mbele ya altare. Jioni moja tunayasoma yote kwa sauti. Ni kazi ndefu. Kuna familia zinazoandika majina arobaini, na kuna miandiko ambayo hata mfamasia angeikimbia.

Mwaka huu bibi mmoja, ambaye umri wake umevuka miaka 80, alileta bahasha yake mwenyewe ofisini bila kupitia kwa mwenyekiti. Mimi nilikuwa pembeni natafuta stakabadhi ya saruji. Katibu akaifungua karatasi, akasoma, akasita, kisha akanigeuzia niione. Yalikuwapo majina kumi na moja ya kawaida, la ubatizo na la ukoo. La kumi na mbili lilikuwa limeandikwa: Babu wa Mzigo.

"Bibi, huyu hana jina?" katibu akauliza.

Bibi akaketi, akatueleza. Kwao ni Ulanga, upande wa Mahenge. Babu yake mzaa baba alichukuliwa kwenda kubeba mizigo wakati wa ile vita ya kwanza ya Wajerumani na Waingereza. Baba yake Bibi wakati huo alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Kama waliomchukua walikuwa watu wa Mjerumani au wa Mwingereza, Bibi hajui. Anachojua ni kwamba walikuja watu wenye bunduki wakachagua wanaume wenye mabega. Babu hakurudi. Mtoto akalelewa na mjomba wake, na alipobatizwa misheni akaandikwa kwa jina la mjomba. Mama mtu alipofariki, jina la mumewe likaenda naye kaburini. Nyumbani wakabaki wanamwita Babu wa Mzigo, na hata vitukuu waliozaliwa hapa mjini wanajua wana babu anayeitwa hivyo.

Mimi nilikuwa na haraka zangu. Nikamwambia, "Bibi, andika tu marehemu wote wa ukoo. Mungu anawajua." Ni jibu ambalo mwalimu yeyote wa teolojia angelipa alama zote, na nililitoa kwa sauti ya upole kabisa.

Bibi akanitazama. "Hao wote nimeshawaandika, Baba, pale chini. Huyu ni mmoja."

Sikuwa na la kusema. Alipoinuka kuondoka akaniambia, "Wewe mjini unakwenda. Pale Posta kwenye ile sanamu nasikia wamewaandika watu wa vita ile. Nitazamie kama na yeye yumo."

"Tutamtambuaje, Bibi, na jina lenyewe hatulijui?"

"Wewe tazama kwanza."

Kwa hiyo Jumatatu, siku ambayo mapadri wengi tunapumzika, nilipanda daladala stendi ya Kinyerezi. Gari la parokia lilikuwa gereji, na sipendi kulisema vibaya siku ya Bwana. Tukaiacha nyuma mitambo ya umeme wa gesi, ambayo kwa wageni wengi ndiyo Kinyerezi yenyewe, tukapita Segerea na Tabata, na baada ya foleni ya kawaida nikafika mjini. Niliamua kwamba nikimaliza pale kwenye sanamu nitatembea kwa miguu hadi Kariakoo. Ni kama kilometa mbili hivi. Sababu ya kuchagua Kariakoo nitaieleza.

Sanamu ya Askari wengi wetu tumeizoea kiasi kwamba hatuioni. Ipo katikati ya mzunguko, pale Mtaa wa Samora unapokutana na Azikiwe na Maktaba. Ni askari wa shaba, ameinama kidogo mbele, bunduki mkononi, singe imeelekezwa upande wa bandarini. Waingereza waliizindua mwaka 1927. Kabla yao Wajerumani nao walikuwa na sanamu yao katika mji huu, ya gavana wao Hermann von Wissmann: mzungu amesimama juu, na chini yake askari Mwafrika amemwinulia macho. Waingereza walipoingia Dar es Salaam Septemba 1916 wakaing'oa. Ikaishia Hamburg, na huko nako wanafunzi wakaiangusha chini miaka ya 1960. Kila mwaka, Jumanne ya juma la mwisho la mwaka wa Kanisa, tunasoma Luka 21, pale watu wanaposifia mawe mazuri ya hekalu na Bwana anawaambia yatakavyokuwa. Mapadri tunaihubiri sehemu hiyo kana kwamba inahusu Yerusalemu peke yake.

Nilivuka barabara kwa kuomba Mungu na madereva, nikaenda kusoma maandishi ya kwenye kitako cha sanamu. Yapo kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Yanawataja kwanza askari wenyeji waliopigana katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Kisha yanawataja wapagazi, kwamba wao ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwishoni inatolewa ahadi: anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Nikazunguka pande zote nne kwa ajili ya Bibi. Hakuna jina la mtu hata mmoja.

Maneno yale yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi Mwingereza aliyekuwa maarufu sana zama hizo na aliyeshabikia ukoloni bila kificho. Ningeweza kumalizana naye hapo, lakini kuna jambo jingine juu yake. Mwanawe pekee wa kiume, John, alipotea vitani huko Loos, Ufaransa, Septemba 1915, akiwa na miaka 18. Baba alihangaika kuuliza waliorudi, mmoja baada ya mwingine, na alifariki mwaka 1936 bila kuonyeshwa kaburi la mtoto wake. Ndiye aliyependekeza maneno yanayochongwa kwenye makaburi ya askari wasiotambuliwa, kwamba huyu anajulikana na Mungu. Nilipokumbuka hilo nilijisikia vibaya, kwa sababu ni maneno yaleyale niliyompa Bibi ofisini. Kipling aliyaandika baada ya kutafuta sana. Mimi niliyasema ili nirudi kwenye stakabadhi yangu.

Nikaanza kutembea, Mtaa wa Samora kuelekea Mnara wa Saa. Asubuhi kivuli kipo upande mmoja tu na watu wote wanakigombea.

Vita ile kwetu haikuwa vita ya magari. Farasi, punda na ng'ombe walikufa kwa mbung'o, reli zilikuwa mbili tu za maana upande huu, na majeshi yalifukuzana porini kutoka Kilimanjaro hadi Rufiji, Mahenge, Masasi, yakavuka Ruvuma hadi Msumbiji na kurudi. Kila risasi, kila gunia la unga, kila kitanda cha ofisa, kilisafiri juu ya kichwa cha mtu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kilo 25 hivi, ukiacha vyombo vyake mwenyewe. Na kwa kuwa mchukuzi naye anakula, nyuma yake alihitajika mwingine wa kubeba chakula chake, na nyuma ya huyo mwingine tena. Ndiyo maana waliochukuliwa kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland, Kongo na kwingineko walifikia mamia ya maelfu.

Wachache walikufa kwa risasi. Waliobaki walikufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Watu waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi, na njiani haukuiva sawasawa, ukawamaliza matumbo. Wanahistoria wanakadiria kwamba wachukuzi waliokufa kwa upande wa Waingereza peke yake walifikia 100,000 au walizidi. Upande wa Wajerumani hesabu hazikutunzwa hata kiasi hicho; wapo waliofungwa kamba ili wasitoroke. Mishahara ya maelfu ya marehemu ilibaki bila kudaiwa, kwa sababu orodha zilikuwa mbovu na hakuna aliyejua jamaa zao wako wapi. Askari mzungu aliyekufa alipata kaburi na jiwe lenye jina. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000 wa vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au huenda hawakukumbukwa kabisa.

Karani wa vita angeniambia kwamba hapakuwa na muda wa kuandika jina la kila mbeba unga. Nami sina haki ya kumjibu kwa ukali.

Mnara wa Saa ulijengwa kuadhimisha Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji mwaka 1961. Hapo niliacha Samora nikashika Uhuru. Anayetembea njia hii anapita miji mitatu bila kuambiwa: mji wa Wazungu karibu na bahari, kisha Uhindini, kisha uwanja wa Mnazi Mmoja ambao mkoloni aliuacha wazi makusudi uwatenge Waafrika na wenzao, na ng'ambo yake Kariakoo. Wazee wa mji huu waliruka ule uwanja kila siku kwenda kazini na kurudi.

Pale Mnazi Mmoja nilipata mahali pa kukaa chini ya mti, nikanunua maji, na nikamfikiria askofu mmoja. Hakuwa wa kwetu; alikuwa Mwanglikana, Frank Weston, Askofu wa Zanzibar. Mwaka 1916 Waingereza walihitaji wachukuzi kutoka Zanzibar. Weston aliona kwamba watu wataogopa na watateswa kama hawatakuwa na mtu wa kuwasemea, hivyo akakusanya kikosi cha wachukuzi yeye mwenyewe. Jeshi likampa cheo cha meja. Akatembea nao kwa miguu ukanda huu wa pwani, sehemu za Bagamoyo hadi Dar es Salaam, akila walichokula. Vita ilipokwisha, mwaka 1920 aliandika kijitabu kukemea sera ya serikali ya kikoloni ya kuwashurutisha Waafrika wa Kenya kufanya kazi kwa walowezi. Sisemi alikuwa malaika. Alivaa sare ya jeshi lilelile. Lakini nimekaa kwenye vikao vingi vya mapadri juu ya kuwa karibu na maskini, chai ikiwa mezani, na sikumbuki mmoja wetu aliyewahi kupewa cheo kwa kutembea nao.

Hapohapo nikakumbuka darasa la Kigiriki seminarini. Katika Injili ya Marko 15, askari wa Kirumi wanamkuta mtu anatoka shamba, Simoni wa Kirene, yaani mtu wa Afrika ya Kaskazini, wanamlazimisha auchukue msalaba wa Yesu. Neno la Kigiriki linalotumika pale kwa kulazimisha si neno la kawaida. Asili yake ni Uajemi, kwenye utaratibu wa matarishi wa mfalme, waliokuwa na ruhusa ya kumkamata mtu yeyote njiani, au punda wake, kwa kazi ya serikali. Ndilo neno lililo katika Mathayo 5, Bwana anaposema juu ya mtu kulazimishwa kwenda maili moja. Wayahudi waliomsikiliza walijua anasema nini. Babu yake Bibi naye angejua, bila darasa la Kigiriki.

Nimehubiri juu ya Simoni kila Ijumaa Kuu kwa zaidi ya miaka ishirini, na mara nyingi nimemfanya kuwa mtu wa kujitolea, mfano wa kuigwa na wafadhili wa parokia. Sivyo. Alikamatwa. Alikuwa anarudi zake nyumbani.

Lakini angalieni Marko alichofanya. Askari waliokuwa zamu siku ile hakuna hata mmoja anayetajwa jina, hata yule akida aliyesema neno zuri chini ya msalaba. Jina la Longino lilikuja baadaye katika mapokeo. Mbeba mzigo ndiye anayetajwa jina, na mji alikotoka, na watoto wake wawili, Aleksanda na Rufo, kana kwamba wasomaji wa kwanza waliwafahamu na wangeweza kuwauliza. Paulo akiandika kwa Warumi, sura ya 16, anamsalimu mtu anayeitwa Rufo pamoja na mama yake. Huenda ni yuleyule. Kwa hiyo mtu mmoja alishurutishwa kubeba mti kwa muda mfupi mchana mmoja, na Kanisa likahakikisha jina lake halipotei. Hatukushindwa kwa kukosa mfano.

Nikanyanyuka, nikavuka Lumumba, nikaingia Kariakoo.

Sasa ile sababu. Waingereza walipouteka mji huu, eneo hili walilifanya kambi ya wachukuzi wao. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Midomo yetu ikalitengeneza: Kariakoo. Nairobi nako wana Kariokor yao, kwa asili hiyohiyo, na kwenye sanamu ya vita ya Nairobi, iliyotengenezwa na mchongaji yuleyule wa hii yetu, mmoja wa wale watatu waliosimama juu ni mchukuzi. Hapa kwetu juu amesimama askari, na wachukuzi wako chini kwenye kitako. Ila sanamu ya askari hutajwa na anayeelekeza njia ya kwenda Posta tu, na neno Kariakoo hutamkwa na makonda, wafanyabiashara na mama zetu wa vikoba mara elfu kwa siku, hadi Lubumbashi na Lusaka. Hakuna anayelitamka akijua anataja watu.

Hata mitaa ina kumbukumbu. Mtaa wa Nyamwezi unapita pale sokoni, na Wanyamwezi ndio waliosifika kwa kubeba mizigo ya misafara kati ya bara na Bagamoyo muda mrefu kabla ya vita hii. Soko lenyewe, lile la zege lenye paa kama uyoga, lilichorwa na msanifu Beda Amuli, mtoto wa nchi hii, likafunguliwa 1975, na liliungua moto Julai 2021. Lakini sikwenda kutazama jengo.

Kariakoo mzigo una haki ya njia kuliko mtu. "Pisha! Mzigo huo! Pisha!" Unapisha kwanza, unatazama baadaye. Mikokoteni, maguta, na katikati yake vijana wenye ngata kichwani na mabelo ya mitumba juu yake, shingo zimekakamaa, macho yanaangalia hatua tatu mbele. Anayebeba kichwani hawezi kugeuka akuangalie. Nilikuwa nimekaa Dar es Salaam miaka yote hii bila kulifikiria hilo.

Mmoja alipita mbele yangu, akatua mzigo wake kwenye baraza la duka, akarudi anafuta jasho kwa fulana. "Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele amina." Nikamtazama. Sura naijua.

"Mimi ni wa kwako, Baba. Misa ya kwanza. Nakaa nyuma, karibu na nguzo."

Ni kweli. Shati jeupe lililopigwa pasi, kila Jumapili saa 12 asubuhi. Nimempa Komunyo sijui mara ngapi. Nilikuwa nimedhani ni karani, au mwalimu. Na palepale, ndugu zangu, baada ya kuwashutumu Waingereza na Wajerumani kuanzia Posta hadi pale, nikagundua kwamba sijui jina lake. Nikamwuliza. Akanitajia, la ubatizo na la baba yake. Sitaliandika hapa kwa kuwa hakunipa ruhusa, ila nimelishika.

Aliniuliza nimefuata nini sokoni Jumatatu. Nikamweleza habari za Babu wa Mzigo, na habari za jina la mahali tuliposimama. Akacheka kwa mshangao. "Mimi nilidhani Kariakoo ni Kizaramo." Kisha akanyamaza kidogo, akaangalia ngata yake, kipande cha khanga kuukuu kilichosokotwa. "Kwa hiyo hao waliobeba hapa hawakurudi?"

"Wengi."

"Na mshahara?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyedhulumiwa jana. Mwenye mzigo alikuwa anamwita, akajitwika ngata, wenzake wawili wakamtwisha belo, akaenda. Hakuweza kuniaga kwa kugeuka. Aliinua mkono mmoja tu.

Jioni nilipita kwa Bibi kabla ya kwenda kwangu. Alikuwa barazani anachambua mchicha. Nikamwamkia, akaitikia, akasukuma stuli kwa mguu nikae.

"Umetazama?"

"Nimetazama, Bibi. Pande zote nne. Hakuna jina, si lake wala la askari. Wabeba mizigo wameandikwa wote kwa pamoja. Wamesema walikuwa miguu na mikono ya jeshi."

Akaendelea kuchambua. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya minara ya umeme.

"Miguu na mikono," akasema. "Mzigo si walibeba kichwani?"

"Kichwani, Bibi."

"Basi kichwa hawakukiandika."

Nikamwambia pia juu ya Kariakoo. Hilo lilimfurahisha kuliko nilivyotarajia. Alilitamka jina mara mbili, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Akasema marehemu mumewe alikuwa na kibanda cha vitunguu pale kwa miaka kumi na sita, na yeye mwenyewe alikuwa akimpelekea chakula, "na kumbe tulikuwa kwa babu."

Majina tutayasoma Ijumaa ijayo baada ya Misa ya saa 11 jioni. Katibu amemaliza kuchapa orodha, kurasa 14, na la Bibi liko ukurasa wa tisa. Kwenye safu ya jina kamili alikuwa ameandika Babu wa Mzigo kwa alama za kunukuu. Nimemwambia azitoe.